Ghala Lililodaiwa Kuwa Tupu

Iko picha moja ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa mjini New York ukingoni mwa mto Hudson, ambayo yatosha kuanzisha mazungumzo haya. Laonekana ghala kuukuu la bandarini, na katika ukuta wake limekatwa tundu kubwa lililopinda kama mwezi mchanga. Karibu na ukuta huo wapo watu wawili. Ukubwa wa ghala umewameza. Mtu aitazamaye picha kwa haraka aweza kupita asiwaone, akabaki na ukuta na mwanga peke yake.

Aliyelikata tundu lile ni Gordon Matta-Clark, msanii aliyesomea usanifu wa majengo. Kazi yake ile ya mwaka 1975 aliipa jina la Day's End, yaani mwisho wa siku, na hapana kitabu cha maana juu ya sanaa ya zama zile kisichoitaja. Aliyeipiga picha ni Alvin Baltrop, mtu Mweusi mzaliwa wa Bronx, ambaye vitabu hivyo vilikuja kumtaja alipokwisha kuzikwa. Ama wale watu wawili, picha haikuwataja majina. Hivyo katika kipande kimoja cha karatasi wamekutana watu wa daraja tatu: aliyekumbukwa, aliyesahauliwa kisha akakumbukwa, na wasiojulikana kabisa. Kisa cha ghala lile, na cha maghala mengine yaliyopangana nalo kandokando ya mto, ni kisa cha daraja hizo tatu.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa bandari ni nini. Anajua kwamba mji wa bandari huamkia baharini, na kwamba siku meli zinapokoma kuja, mji hubadilika hata harufu yake. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan ulikuwa umejaa magati yaliyojitokeza majini kama meno ya kitana, kila gati na ghala lake, na makuli kwa maelfu wakipakia na kupakua shehena kwa mikono na mabega. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga katika bandari ya Newark, jimbo la New Jersey, ikielekea Houston na makontena 58 juu ya sitaha yake. Siku ile wachache walitambua kilichokuwa kikitokea. Lakini kontena lataka uwanja mpana wa kulipanga, lataka kreni, lataka njia ya malori. Na Manhattan, kisiwa kilichosongwa na majengo, haikuwa na uwanja wa kutoa. Katika muda wa miaka kama ishirini shehena ilihamia New Jersey. Makontena hayo hayo yalikuja kufika Mombasa na Dar es Salaam, na hamali wa huko hawahitaji kuelezwa sanduku moja la chuma laweza kuchukua kazi ya mabega mangapi.

Mwezi wa Desemba mwaka 1973 barabara ya juu iliyopita kandokando ya mto ikaporomoka, lori likiwa juu yake. Barabara ikafungwa, nguzo zake zikaachwa zimesimama na kutu, zikawa kama pazia baina ya mji na maji. Nyuma ya pazia hilo maghala yalibaki na milango iliyong'oka, vioo vilivyovunjika, na mbao za sakafu zilizooza mpaka maji yakaonekana chini yake. Katika makaratasi ya serikali ya mji yakaandikwa kuwa ni majengo matupu.

Neno hilo, utupu, lataka kutazamwa vizuri. Mzee wa pwani apitaye penye gofu au mahame husita kidogo, kwa kuwa tangu utotoni amefundishwa kwamba gofu lina wenyewe, japo hawaonekani. Magati ya Hudson nayo yalikuwa na wenyewe. Walikuwa wanaume wapendao wanaume, na pamoja nao vijana waliofukuzwa makwao, na watu waliozaliwa wakaitwa wanaume lakini wakaishi kama wanawake. Mtaa wa Christopher, ambako usiku wa tarehe 28 Juni mwaka 1969 wateja wa baa ya Stonewall walikataa kuburutwa na polisi, unateremka moja kwa moja mpaka mtoni. Aliyeufuata mpaka mwisho alifika magatini. Sheria ya jimbo la New York iliendelea kuyahesabu mapenzi yao kuwa kosa la jinai hadi mwaka 1980 mahakama kuu ya jimbo ilipoitengua, na ghala lisilo na mlinzi lilikuwa mahali pa nadra ambapo mtu aliweza kukaa juani, kuzungumza, kupenda na kupendwa, bila ya kuulizwa jina wala kutozwa kiingilio.

Asije mtu akadhani ilikuwa pepo. Sakafu ziliwadidimiza watu mtoni gizani. Wezi walijua kwamba mtu aliyeibiwa pale hatakwenda polisi, maana itabidi aeleze alikuwa akifanya nini. Maiti ziliopolewa majini. Waliokuwa wakienda walijua yote hayo na wakaenda, na kwenda kwao kwaeleza hali ya mji waliouacha nyuma kuliko inavyoeleza hali ya magati.

Wasanii walikuja kwa njia mbalimbali. Mwaka 1971 Willoughby Sharp aliwaalika wasanii 27 wafanye kazi katika gati namba 18 lililoachwa. Watazamaji hawakualikwa: kila msanii alitenda tendo lake mbele ya wapigapicha wawili, Harry Shunk na János Kender, na mwaka huo huo picha zao zikatundikwa katika Museum of Modern Art, jumba la makumbusho lenye heshima kuliko yote ya sanaa ya kisasa mjini humo. Wasanii wote 27 walikuwa wanaume, na wengi wao walikwisha kuwa na jina au walikuwa njiani kulipata. Gati lilikuwa jukwaa tu. Sanaa iliondoka pale kama shehena, ikaenda kupakuliwa ukutani mwa jumba la kifahari.

Miaka minne baadaye alikuja Matta-Clark. Alilichagua ghala la gati namba 52, mwisho wa mtaa wa Gansevoort, na majira ya joto ya mwaka 1975 aliingia humo pasi na ruhusa ya mtu, yeye na msaidizi wake, na misumeno na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Walikata sakafu mfereji mpana uliofichua maji ya mto yakipita chini. Walikata ukuta wa magharibi tundu lile kubwa, ambalo mmoja atasema ni mwezi, na mwingine, hasa aliyezoea majahazi, atasema ni tanga. Asubuhi ghala lilikuwa na kiza. Kadiri jua lilivyokwenda, mwanga uliingia ukatambaa sakafuni, na wakati wa machweo nyumba nzima iliwaka. Waliobahatika kuiona walisema ilikuwa kama kuingia katika kanisa kuu. Serikali ya mji haikuona kanisa: polisi walikuja siku ya ufunguzi, msanii akatafutwa kwa kosa la kuharibu mali, naye alikwisha kwenda Ulaya. Mashtaka yaliachwa baadaye. Matta-Clark alifariki mwaka 1978, umri wake miaka 35.

Uzuri wa kazi ile haukanushiki, wala ujasiri wa mtendaji wake. Lakini liko jambo dogo ambalo kwa miaka mingi lilisimuliwa kama kituko cha pembeni. Kabla ya kuanza kukata, Matta-Clark alibadili makufuli na kuziba matundu kwa seng'enge, ili wale waliozoea kuingia wasiingie. Alitaka amani ya kufanya kazi, na alitaka mahali ambapo watu wangekaa bila ya hofu. Nia yake yaweza kueleweka. Hata hivyo, mtu aliyeingia bila ruhusa katika nyumba isiyo yake, jambo la kwanza alilolifanya ni kuwafungia nje waliomtangulia kuingia bila ruhusa. Serikali ilisema ghala ni tupu. Msanii naye, ili alifanye hekalu la mwanga, alihitaji liwe tupu kweli.

Makufuli hayakudumu. Wenyewe walirudi, na picha ya Baltrop ndiyo shahidi: tundu limekatwa, msanii hayupo, na watu wawili wapo.

Alvin Baltrop alizaliwa mwaka 1948. Alianza kushika kamera angali kijana mdogo, akaenda nayo katika jeshi la wanamaji wakati wa vita vya Vietnam, akawapiga picha mabaharia wenzake wakiwa wamelala, wakicheka, wakipumzika. Kazi yake melini ilikuwa utabibu, na yasimuliwa kwamba trei za chumba cha wagonjwa ndizo alizozigeuza vyombo vya kusafishia filamu. Aliporejea New York alisomea upigaji picha, akaendesha teksi kwa riziki. Mwaka 1975 alianza kwenda magatini. Mwanzoni aliogopa, alisimama mbali kama mchunguliaji. Kisha yalimteka. Aliacha teksi, akanunua gari la kuhamishia mizigo ili awe bwana wa saa zake, akaliegesha karibu na mto, mara nyingine akilala humo siku kadhaa. Alijifunga mikanda akaning'inia darini mwa maghala kwa masaa, akingoja mwanga na akingoja watu. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1986, miaka kumi na moja.

Alichokipiga ni maisha mazima ya mahali. Wapo waliojilaza juani kama samaki waanikwao. Wapo wapendanao pembeni mwa dirisha, wadogo kama nukta chini ya vyuma vikubwa vya paa, hata jicho lianze na jengo ndipo liwafikie. Upo mwili uliotolewa majini, na polisi wamesimama kando. Zipo nyuso za vijana waliomwangalia machoni bila ya wasiwasi, na hilo pekee ni ushuhuda, maana watu wale walikuwa wamezoea kamera ya polisi na kamera ya gazeti, na zote mbili ziliwatafuta ili kuwaaibisha. Baltrop hakuwa polisi wala mwandishi wa habari. Naye mwenyewe alipenda wanaume na wanawake, na watu wa magatini walimjua. Alipofika na kamera yake, aliyetaka kugeuza uso aligeuza, na asiyetaka alibaki.

Kabla ya hapo taswira za watu wa namna hii ziliundwa na wengine: katika faili la mahakama, katika kitabu cha tabibu, katika kibonzo cha kuchekesha. Magatini walianza kujiundia wenyewe. Mchoraji aliyejiita Tava alipaka kutani majitu ya kiume yasiyo na nguo, marefu kuliko milango. Leonard Fink, wakili aliyepiga picha kwa ajili yake mwenyewe, aliacha maelfu ya picha ambazo hakuzionyesha hadharani mpaka alipokufa. Hapakuwa na mtu aliyeyaratibu hayo yote kuwa maonyesho. Lakini kuta zilikuwa na michoro, watazamaji walikuwapo, na michoro ilibadilika kila wiki kwa mvua, kwa moto, na kwa mkono wa mchoraji mwingine aliyepaka juu ya mwenzake.

Ama Baltrop, alipozipeleka picha zake kwenye majumba ya sanaa, milango haikufunguka. Waliokuwa karibu naye wameeleza kwamba wapo waliotilia shaka hata kuwa yeye ndiye aliyezipiga. Alizionyesha mara chache mno maishani mwake, na mara moja ilikuwa ndani ya baa alimokuwa akifanya kazi ya ubawabu. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Baltrop methali hiyo ilipinduka: yeye alikuwapo kuliko wote, kwa miaka kumi na moja, na lake halikuhesabiwa.

Katika watu waliokuwa wakiranda magatini miaka ile alikuwamo kijana mwingine, David Wojnarowicz, mzaliwa wa New Jersey wa mwaka 1954, aliyeikimbia nyumba yenye kipigo akalelewa na barabara za New York. Alikuwa mwandishi kabla ya kuwa mchoraji, na mshairi aliyempenda kuliko wote ni Mfaransa Arthur Rimbaud. Kati ya mwaka 1978 na 1979 alitengeneza kinyago cha karatasi chenye sura ya Rimbaud, akawavisha rafiki zake kwa zamu, akawapiga picha wakiwa wamekaa garini moshi, wamesimama sokoni, wamejiegemeza katika kuta za magati. Sura ni ile ile, haicheki wala hailii. Mwili tu ndio unaobadilika.

Wapenzi wa ushairi wa visiwani wanayo sababu ya kuzitazama picha zile kwa jicho la pekee. Rimbaud aliuacha ushairi alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mwaka 1880 alifika Aden, akafanya biashara ya kahawa na ngozi, na baadaye ya bunduki, baina ya bandari ile na Harar. Katika barua alizowaandikia jamaa zake alirudia mara nyingi kwamba atakwenda Unguja. Hakufika. Alikufa Marseille mwaka 1891, umri wake miaka 37. Kinyago cha mtu aliyetamani bandari asiyoifikia kilivikwa katika bandari ambayo meli zimeikimbia. Wojnarowicz hakuhitaji kulieleza hilo. Alimvisha rafiki, akamsimamisha ukutani, akabonyeza.

Mwaka 1983 yeye na mchoraji Mike Bidlo waliligeukia gati namba 34, mwisho wa mtaa wa Canal. Jengo lile lilikuwa la kampuni ya Ward Line, ambayo meli zake ziliwapeleka abiria Cuba na Mexico. Palikuwa na ukumbi mkubwa wa abiria, ofisi, korido, na vyumba vingi vidogo vilivyojaa makaratasi ya kale na plasta iliyoporomoka. Wawili hao wakapeleka habari kwa wasanii wenzao: njooni, chagueni ukuta. Hapakuwa na kamati ya kuchuja, wala bei, wala tarehe ya kufungua na kufunga, wala bima, wala mlezi wa fedha. Aliyekuja na rangi alipaka. Mwargentina Luis Frangella alichora vichwa na viwiliwili vikubwa kwa mapigo machache ya brashi. Judy Glantzman alipaka watu wake. Wojnarowicz alichora ng'ombe mkubwa aliyekabwa na kitu kooni. Katika chumba kimoja alimwaga mbegu za nyasi juu ya kifusi, na kwa mvua iliyopita katika paa bovu, nyasi zikaota ndani ya nyumba.

Mtu akilinganisha magati haya matatu, namba 18, namba 52 na namba 34, ataona njia ya kutumia mahali pasipo rasmi inavyotofautiana. Wa kwanza walikuja, wakapigwa picha, wakaondoka. Wa pili alikuja peke yake, akafunga mlango, akaacha jambo kubwa la kustaajabisha. Wa tatu waliukuta mlango wazi wakauacha wazi. Kwa hiyo kazi zao zilikuwa nzuri na mbovu pamoja, za mabingwa na za wanagenzi ukuta mmoja, na aliyeingia kwa ajili ya mapenzi alipita mbele ya aliyeingia kwa ajili ya sanaa, na mara nyingi walikuwa ni mtu yule yule. Nyumba njema si mlango, hunena wahenga, fungua uingie ndani. Na wa gati namba 34 hata mlango wa kufungua hawakuwa nao.

Ulegevu huo ulikuwa na gharama yake. Baada ya miezi michache habari zilienea, waandishi wakaja, wanunuzi wakaja, wapo hata waliotaka kubandua vipande vya ukuta. Kisha polisi wakaja wakawakataza wasanii kuingia. Mwaka 1984 jengo likavunjwa, na ng'ombe, na vichwa, na nyasi vikaenda na kifusi. Kilichobaki ni picha za waliokuwapo, miongoni mwao Mjerumani Andreas Sterzing na Peter Hujar, bingwa wa picha za sura za watu na rafiki mkubwa wa Wojnarowicz.

Na jengo halikuwa hasara kubwa. Mwezi wa Juni mwaka 1981 taarifa fupi ya madaktari ilikuwa imetangaza wanaume watano wa Los Angeles waliougua homa ya mapafu ya ajabu. Ugonjwa ule, ambao baadaye uliitwa UKIMWI, uliwafyeka watu wa magatini kama moto wa kiangazi. Hujar alifariki mwaka 1987. Wojnarowicz alikaa kando ya kitanda, akaupiga picha uso wake, mikono yake na miguu yake muda mfupi baada ya kukata roho. Frangella alifariki mwaka 1990. Wojnarowicz alifariki tarehe 22 Julai mwaka 1992, umri wake miaka 37, sawa na Rimbaud. Wiki mbili na siku kadhaa kabla ya hapo, mwili wa Marsha P. Johnson, mmoja wa waliojulikana sana katika mapambano yaliyofuata Stonewall, uliopolewa mtoni karibu na magati ya mtaa wa Christopher, na sababu ya kifo chake ikabaki katika ubishi. Majengo yalivunjwa na serikali, na waliokuwa wakiyajaza wakafa kwa ugonjwa ambao serikali ilichelewa kuushughulikia. Ndipo ukingo wa mto ukawa mtupu kweli.

Utupu huo haukuachwa hivyo. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuugeuza ukingo wa Hudson kuwa bustani ndefu ya umma. Nyasi zikapandwa, safari hii kwa ruhusa. Nyumba za jirani zikapanda bei, na mwaka 2015 jumba la makumbusho la Whitney likahamia mtaa wa Gansevoort, hatua chache kutoka mahali lilipokuwa ghala la Matta-Clark.

Polepole kumbukumbu nazo zikaanza kurudi kwenye fukwe zile. Baltrop hakuziona, saratani ilimwua mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 55, picha zake zikiwa katika masanduku. Mwaka 2008 mhakiki Douglas Crimp, ambaye naye alikuwa mtembezi wa magati ujanani mwake, aliandika juu yake katika jarida la Artforum, na wengi walilisikia jina lile kwa mara ya kwanza. Mwaka 2012 jumba la Leslie-Lohman mjini New York lilifanya maonyesho juu ya sanaa na mapenzi ya magatini. Mwaka 2016 Hunter College ikaonyesha picha za gati namba 34. Whitney ikamfanyia Wojnarowicz maonyesho makubwa mwaka 2018, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Bronx, mtaa aliozaliwa, likamfungulia Baltrop milango.

Mwaka 2021 David Hammons, msanii Mweusi aliyezaliwa mwaka 1943, mwaka ule ule aliozaliwa Matta-Clark, alisimamisha mtoni, pale pale lilipokuwa ghala la gati namba 52, mchoro wa ghala lile kwa mabomba membamba ya chuma, kwa vipimo vyake vya asili. Halina ukuta, halina paa, halina sakafu. Akaliita Day's End, jina la kazi ya mwenzake. Siku ya ukungu huwezi kuliona vizuri. Siku ya jua vivuli vyake huanguka majini na ndege hutua juu yake. Ni kazi ya heshima, na ni kazi ya hekima, maana haikudai kurudisha kisichorudishika. Imeonyesha ukubwa wa nyumba, ikanyamaza.

Lakini chuma kile, kwa uzuri wake wote, hakiwezi kusema ni nani aliyekaa ndani. Aliyesimama leo mbele yake, asiyejua habari, ataona umbo la ghala tupu, na atarudi pale pale serikali ilipoanzia katika makaratasi yake: jengo, vipimo, hapana mtu. Kumtoa katika kosa hilo ni kazi ya karatasi ndogo za dereva wa teksi. Ni yeye aliyeandika, kwa mwanga, kwamba mnamo saa fulani ya siku isiyo na tarehe, chini ya ukuta uliokatwa, walikuwapo watu wawili, na hawakuwa na haraka ya kuondoka.